Kuchagua Kiolezo cha Mdoli wa Pasaka: Kwanza Jua Unamshonea Nani



 Leo somo lina sindano, uzi na mkasi ndani yake, kwa hiyo kama una rafiki anayejua cherehani, mwite akae karibu msome pamoja.

Kwaresima ikikaribia, vikundi vingi vya vijana parokiani hujiuliza: watoto wetu tutawapa nini siku ya Pasaka? Pipi zinaisha siku hiyo hiyo. Nguo ni ghali. Ndipo mtu mmoja anasema, "Jamani, si tuwashonee midoli ya wanyama?" Wazo zuri kabisa. Mabaki ya vitambaa kwa fundi yapo, mikono ipo, na mtoto akipewa kitu kilichoshonwa kwa mkono atakikumbatia mpaka kichakae. Lakini kabla mkasi haujagusa kitambaa, kuna uamuzi ambao wengi wetu tunaupitia haraka haraka: tutatumia kiolezo kipi?

Kwa asiyejua, kiolezo ni ile karatasi iliyokatwa kwa umbo la kila kipande cha kushona. Unailaza juu ya kitambaa, unachora kuizunguka kwa chaki, ndipo unakata. Mafundi wengi wanaiita paterni.

Naomba nianze kwa kuungama. Mwaka jana kiolezo cha kikundi chetu nilikichagua mimi, na nilichagua vibaya. Nilikiona kwenye simu: sungura mwenye masikio marefu, miguu myembamba, kikoti kidogo, na macho ya vifungo vyeusi vinavyong'aa. Picha ilikuwa tamu mno. Sikuhesabu vipande. Kumbe vilikuwa 14 kwa sungura mmoja! Na tulikuwa tumeshawaahidi watoto 20 wa Utoto Mtakatifu. Sisi tulikuwa saba, na ni wawili tu kati yetu waliowahi kushika sindano kwa kazi ya maana.

Mpaka Ijumaa Kuu tulikuwa na sungura wawili. Nikaacha Njia ya Msalaba ili nishone. Jumamosi Kuu wenzangu walikwenda kwenye Mkesha, mimi nikabaki nyumbani nikigeuza masikio kwa kijiti cha mshikaki, huku nanung'unika kwamba hakuna anayenisaidia. Asubuhi ya Pasaka tulikuwa na sungura sita. Watoto 20 wakapanga mstari. Zile sura za watoto 14 waliorudi mikono mitupu sijazisahau.

Na bado. Sungura mmoja alipewa msichana wa miaka sita, naye akampa mdogo wake wa miezi kumi acheze naye, kama watoto wanavyofanya. Jumatatu ya Pasaka bibi yao alimkuta mdogo anatafuna kitu. Akaingiza kidole, akatoa kifungo. Kilikuwa jicho la sungura wangu. Nilipokwenda kuomba msamaha, yule bibi hakunigombeza. Aliniambia tu: "Umeshona vizuri, mjukuu wangu. Ila huyu hukumfikiria."

Somo la leo limetoka kwenye maneno hayo.

Tuanze na Neno: Matendo ya Mitume 9:36-42

Chukua Biblia yako usome kifungu chote kabla ya kuendelea. Hata dakika mbili hazifiki.

Umesoma? Basi tuangalie pamoja. Katika mji wa bandari wa Yafa aliishi mfuasi mmoja mwanamke, jina lake Tabitha. Kwa Kigiriki aliitwa Dorka, na majina yote mawili maana yake ni paa, yule mnyama mdogo mwenye mbio. Alikuwa mtu wa matendo mema na sadaka kwa maskini. Akaugua, akafa, wakamwosha na kumlaza chumba cha juu. Petro alikuwa Lida, mji wa karibu, wakatuma watu kumwita. Alipofika, wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha nguo ambazo Dorka aliwashonea alipokuwa hai. Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akasali, akamwita kwa jina. Tabitha akafumbua macho, akaketi.

Kanisa linasoma kifungu hiki kwenye Misa ya Jumamosi ya wiki ya 3 ya Pasaka. Yaani katikati ya furaha ya Ufufuko tunasomewa habari za mshonaji aliyeinuliwa kutoka kwa wafu.

Tazama wale wajane. Hawamtolei Petro hotuba ndefu kwamba marehemu alikuwa mtu mwema. Wanamwonyesha nguo. Sasa fikiri kidogo: nguo hushonwaje? Kila aliyewahi kwenda kwa fundi anajua kwamba futi inazungushwa mwilini mwa mtu. Hakuna nguo ya "wajane" kwa ujumla. Ipo ya huyu mrefu, ya yule mwembamba, ya mwingine ambaye mgongo umepinda kwa uzee. Mtakatifu Luka hatuelezi Tabitha alikata vipi vitambaa vyake, lakini nguo haiwezi kumkaa mtu ambaye hukumtazama.

Mimi niliitazama picha, mtoto sikumtazama. Ndiyo maana ninawaomba, kabla ya kuchagua kiolezo chochote mwaka huu, mjiulize maswali matano. La kwanza ndilo linaloyabeba mengine.

Swali la 1: Nani atapokea?

Kaeni chini kama kikundi, muandike majina ya watoto na umri wao. Majina kabisa, idadi peke yake haitoshi. Halafu angalieni haya:

*Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja* asiwekewe mdoli mahali anapolala, kwa sababu kitu laini kinaweza kumziba pumzi. Kama mnamshonea, mwambieni mama yake wazi kwamba ni wa kuchezea mtoto akiwa macho na mtu mzima akiwa karibu.

*Mtoto aliye chini ya miaka mitatu* kila kitu anakipeleka mdomoni. Kiolezo chenye vifungo, shanga, kengele au utepe mrefu kisimguse. Macho na pua vitariziwe kwa uzi. Njia rahisi ya kupima nyumbani: chukua kile kigogo cha karatasi cha katikati ya karatasi ya chooni. Chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto huyu. Na kumbuka kosa langu: hata kama mpokeaji ana miaka sita, uliza kama ana mdogo wake nyumbani. Kwa kweli, tukishona kwa ajili ya watoto wengi pamoja, ni salama zaidi midoli yote iwe bila vifungo.

*Mtoto wa miaka mitatu hadi sita* anataka mnyama wa kubeba kwa mkono mmoja, wa sm 20 hadi 25 hivi. Atamshika shingoni, tena kwa nguvu. Kwa hiyo chagua kiolezo chenye shingo nene. Kichwa kinachoning'inia kwenye shingo nyembamba hakitafika Pentekoste.

*Mtoto wa miaka saba na kuendelea* anaweza kushona mwenyewe akisaidiwa. Huyu mpe kiolezo cha vipande viwili mshone pamoja. Atakumbuka zaidi siku mliyokaa naye kuliko mdoli wenyewe.

*Mtoto aliyelazwa hospitali*: waulizeni kwanza wauguzi wa wodi wanaruhusu nini. Kwa vyovyote mdoli uwe mpya, safi, na uweze kufuliwa. *Mtoto asiyeona*: chagueni kiolezo ambacho vidole vinaweza kukisoma, masikio makubwa, mkia unaoshikika, mgongo wa taulo na tumbo la kitambaa laini.

Mmeona? Hapo hatujachagua hata mnyama, lakini tayari violezo vingi vimejiondoa vyenyewe.

Swali la 2: Mnyama gani, na anasimulia nini?

Sungura wa Pasaka ni desturi iliyotoka Ujerumani. Mwaka 1682 daktari mmoja wa huko, Georg Franck von Franckenau, aliandika kuhusu mayai ya Pasaka na habari zilizosimuliwa kwamba sungura ndiye anayeyaleta. Baadaye Wajerumani waliohamia Pennsylvania wakaipeleka desturi hiyo Marekani, na leo imetufikia kupitia simu zetu. Kumshona sungura si dhambi, wala sitaki mtu aliyekwisha kumkata aogope. Lakini mtoto wa kwetu anamjua Sungura kama yule mjanja wa hadithi. Ukimpa siku ya Pasaka, utapata shida kumweleza anahusianaje na kaburi tupu.

Biblia ina wanyama wengi wanaojieleza wenyewe. Hawa ni baadhi:

*Mwanakondoo.* Ndiye wa kwanza. Kitabu cha Kutoka sura ya 12 kinaeleza mwanakondoo wa Pasaka ya Waisraeli. Katika Yohane 1:29 Mbatizaji anamwonyesha Yesu kuwa ndiye Mwanakondoo wa Mungu. Na Ufunuo sura ya 5 inamwonyesha Mwanakondoo aliyechinjwa, lakini amesimama. Neno hilo "amesimama" ni zuri kwa mshonaji: chagua kiolezo cha mwanakondoo anayesimama kwa miguu yake minne, umweleze mtoto kwa nini.

*Punda.* Ndiye aliyembeba Bwana kuingia Yerusalemu, Mathayo sura ya 21. Anafaa kugawiwa Domenika ya Matawi. Masikio yake ni marefu, kwa hiyo kama ulikuwa umependa masikio ya sungura, hapa utayapata!

*Samaki.* Yohane sura ya 21: Yesu mfufuka yuko ufukoni na moto wa makaa, na wavu una samaki wakubwa 153. Wakristo wa mwanzo pia walitumia samaki kama alama yao, kwa sababu herufi za neno la Kigiriki la samaki zilisimama badala ya maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Kwa mshonaji anayeanza, huyu ndiye rahisi kuliko wote: vipande viwili, basi.

*Samaki mkubwa wa Yona.* Katika Mathayo 12:40 Yesu mwenyewe anailinganisha ile siku tatu ya Yona tumboni mwa samaki na kuzikwa kwake. Vipo violezo vyenye mdomo wa mfuko, ambamo mtoto anaingiza na kutoa mtu mdogo wa kitambaa. Ni kwa watoto wakubwa kidogo, na Yona asiwe mdogo wa kupita kwenye kile kigogo cha karatasi.

*Jogoo.* Alimkumbusha Petro kwamba amemkana Bwana mara tatu. Ukimpa kijana mdogo jogoo, msimulie na mwisho wake: kule ufukoni Yesu alimuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Rudi kwenye Yohane 21 uone.

Ushauri wangu ni kwamba kikundi kichague mnyama mmoja tu. Mkichagua watano mtahitaji violezo vitano, na watoto watagombania punda.

Swali la 3: Mikono yetu inaweza nini?

Hapa tuwe wakweli. Unyenyekevu ni fadhila hata kwenye cherehani.

Hesabu vipande. Hii ndiyo kazi ya kwanza ukifungua kiolezo chochote. Kiolezo kikisema "kata 2" au "kata 4", hayo yote yajumlishe. Kisha zidisha kwa idadi ya watoto. Vipande 14 kwa watoto 20 ni vipande 280 vya kukata na kushona. Laiti ningefanya hesabu hiyo! Vipande 4 kwa watoto 20 ni 80.

Angalia upana wa miguu na masikio. Mdoli hushonwa ukiwa ndani-nje, kisha unageuzwa kupitia tundu dogo lililoachwa. Kitu chembamba hakigeuziki. Tuseme mguu umechorwa na upana wa sm 5. Ukitoa nafasi ya mshono ya sm 1 kila upande, unabaki na sm 3. Ukiujaza, unavimba kuwa wa mviringo na unene wake unakuwa chini ya sm 2. Kwa hiyo mguu ulioonekana mnene kwenye karatasi unageuka kuwa kama kidole gumba. Anayeanza asichukue kiolezo chenye sehemu nyembamba kuliko hapo.

Angalia kama kiolezo tayari kina nafasi ya mshono. Vingine vimeihesabu ndani ya mstari, vingine vinakutaka uiongeze mwenyewe. Usipojua, mdoli utatoka mdogo na umebana. Violezo vya kutoka Marekani hupima kwa inchi: robo inchi ni kama milimita 6. Kwa kitambaa kinachochanuka nyuzi, kama kitenge, mimi naona milimita 6 ni kidogo kwa mkono usiozoea. Acha sm 1.

Kuwa makini na pande mbili. Mbavu ya kulia na ya kushoto hazifanani. Zinatazamana kama mikono yako miwili. Ukikata vipande viwili huku karatasi imelala vile vile na kitambaa hakijakunjwa, utapata mbavu mbili za kushoto na kondoo asiyeshoneka. Kunja kitambaa pande za nje zikitazamana, ukate mara moja.

Na ukichapa kiolezo kwenye duka la vifaa vya ofisi, mwambie mhudumu achape kwa ukubwa halisi, asilimia 100, asikipunguze ili kienee kwenye karatasi. Violezo vingi vina kimraba kidogo cha kupimia kilichoandikwa vipimo vyake. Kipime kwa rula kabla ya kukata chochote.

Mwisho, hesabu siku. Kati ya Jumatano ya Majivu na Domenika ya Matawi kuna Jumamosi sita. Jumamosi ya kwanza, kuchagua na kuchapa. Ya pili, kushona mmoja wa majaribio. Ya tatu, kukata wote. Ya nne na ya tano, kushona na kugeuza. Ya sita, kujaza, kufunga tundu na kutarizi uso. Kama kiolezo hakiingii katika Jumamosi hizo sita, hicho si chenu mwaka huu. Juma Kuu ni la Bwana. Sindano ziwekwe chini.

Swali la 4: Tuna kitambaa gani?

Kiolezo na kitambaa ni kama mume na mke, wasipopatana nyumba haikai. Kiolezo kilichobuniwa kwa kitambaa kinachovutika, kama cha fulana, ukikishona kwa kitenge mdoli utatoka umekonda. Na cha kitenge ukikishona kwa fulana, utavimba kama umekula kupita kiasi. Soma maelezo, yatakuambia.

Mabaki ya vitenge kwa mafundi mara nyingi ni vipande vidogo. Kwa hiyo chagua kiolezo ambacho kipande chake kikubwa kinaenea kwenye mabaki hayo. Chukua karatasi uliyokata uende nayo kwa fundi, uipime pale pale juu ya mabaki. Taulo jeupe lililo zima linafaa sana kwa mwili wa mwanakondoo. Fua kila kitambaa kabla ya kukata, maana pamba hurudi, na vitenge vingine huchuja rangi. Hutaki rangi hiyo mdomoni mwa mtoto.

Cha kujazia je? Pamba ya mito ya dukani inafulika na kukauka haraka. Sufi, ile ya mti wa msufi, ni laini na bei yake ni nafuu sehemu nyingi, lakini mdoli wa sufi ukifuliwa hushikamana madonge. Itumie kwa mtoto mkubwa ambaye hatautumbukiza kwenye uji. Usijaze mchele wala maharage, panya watakuwa wa kwanza kusherehekea Pasaka.

Swali la 5: Kiolezo hiki ni mali ya nani?

Hili tunalisahau. Nyuma ya kila kiolezo kuna mtu aliyekaa usiku akichora, akikata, akikosea na kurudia. Wengine wanatoa bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Wengine wanaruhusu kuuza ulichoshona, wengine hawaruhusu. Kama kikundi chenu kinataka kuuza baadhi ya midoli baada ya Misa ili kupata nauli ya hija, soma masharti kwanza. Kiolezo cha kulipia kinachozunguka kwenye makundi ya simu "bure" hakikuwa bure kwa aliyekichora. Amri ya saba haijaacha cherehani nje.

Njia nyingine ni kuchora chenu. Mwanakondoo wa ubavu, mwili kama wingu, kichwa kilichoungana na mwili, miguu mifupi minene: mtoto wa darasa la tano anaweza kumchora. Hapo mna kiolezo ambacho hamdaiwi na mtu.

Shona mmoja kwanza, umpe mtoto, utazame

Kuna mwanamke mmoja wa Ujerumani ambaye habari zake zinanitia moyo, Margarete Steiff, aliyezaliwa mwaka 1847 katika mji wa Giengen. Alipata polio akiwa mtoto mdogo, miguu ikapooza na mkono wa kulia ukabaki na udhaifu. Akajifunza ushonaji hata hivyo. Mwaka 1880 alishona tembo mdogo kwa kufuata kiolezo alichokiona kwenye jarida la mitindo. Hakukusudia mdoli, tembo yule alikuwa wa kuchomekea pini. Lakini watoto walipomwona wakaanza kumchezea. Margarete alikuwa na macho ya kuona hilo, akaanza kushonea watoto. Kampuni iliyotokana na tembo yule ipo hadi leo.

Fundi alikuwa na mpango wake, watoto wakamwonyesha mwingine, naye akakubali kufundishwa. Fanyeni hivyo. Shoneni mdoli mmoja wa majaribio kwa kitambaa cha bei ya chini. Mpeni mtoto wa rika lile lile, na mtu mzima awepo. Halafu nyamazeni mtazame. Anaushika wapi? Anauvuta nini? Mshono gani umeachia? Kisha ufueni, uanikeni, muutazame tena. Mtakachoona kitawaambia kama kiolezo kinafaa kuliko picha yoyote.

Tafakari

Mwaka huu sisi tumechagua mwanakondoo wa vipande vinne: mbavu mbili na masikio mawili. Macho ni ya uzi. Yule bibi amekubali kutufundisha mshono wa mkono, ule wa kurudi nyuma kila hatua ili usifumuke. Siku ya kwanza alipotazama kiolezo chetu hakusema kizuri wala kibaya. Aliuliza, "Watoto wangapi?" Tukamwonyesha karatasi ya majina. Majina 20 ya mwaka jana, na chini yake jina la yule mdogo wa miezi kumi, ambaye sasa anatembea. Akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake wa uzi, akasema tuanze.

Nimefikiri sana kwa nini nilimpenda yule sungura wa picha. Ukweli ni kwamba nilitaka watu waseme, "Huyu dada anajua kushona." Zawadi ilikuwa yangu, mtoto alikuwa mahali pa kuiweka tu. Kristo hakutupenda hivyo. Petro alirudishiwa swali mara tatu, sawasawa na jeraha lake. Tomaso alionyeshwa madonda, sawasawa na shaka yake. Maria Magdalena aliitwa kwa jina. Mfufuka alimpa kila mmoja kilichomwenea. Basi nasi tushone hivyo.

Na kama utachelewa usivunjike moyo. Pasaka ya Kanisa si siku moja, ni siku 50 mpaka Pentekoste. Mtoto atakayepata mwanakondoo wake Domenika ya Huruma ya Mungu ameupata wakati wa Pasaka bado.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Soma tena Matendo 9:39. Ukiondoka leo, nani atakuwa na kitu mkononi cha kumwonyesha Petro?
2. Ni lini ulitoa zawadi iliyokufurahisha wewe kuliko aliyeipokea?
3. Ni huduma gani umeichukua kubwa kuliko uwezo wako, ikakufanya unung'unikie wenzako au uache sala?
4. Mtoto gani katika jumuiya yenu hukumbukwa wa mwisho? Andikeni jina lake liwe la kwanza.

Sala

Bwana Yesu, Mwanakondoo uliyechinjwa na unayeishi, tunakuletea mikono yetu. Tuondolee hamu ya kusifiwa. Tupe macho ya kumwona mtoto kabla ya kuchukua mkasi. Wabariki watoto ambao mwaka jana walirudi mikono mitupu, na utujalie mwaka huu asisahaulike hata mmoja. Mtakatifu Tabitha, mshonaji wa Yafa, utuombee. Amina.

Nawatakia Kwaresima njema na mishono isiyofumuka. Tukutane tena katika somo lijalo, Mungu akipenda.